Onyo la Tatu la Gede Wirasna

Miezi michache baada ya majivu ya Gede Wirasna kupelekwa baharini, sauti yake ilisikika katika kichochoro cha nyuma ya soko la mji wa Klungkung, ikimkaripia mpiga picha.

“Nengah! Weka hiyo kahawa chini unisikilize. Diski yako imeanza kuoza pembeni. Nakili picha zako leo. Leo, nimesema! Kesho yako naijua, ina mwendo wa konokono.”

Luh Sandat, mjane wake, alikuwa ameinama mbele ya muuza mboga akingoja fungu lake la serombotan, mboga za kuchemsha zilizokolezwa nazi, lifungwe kwenye jani la mgomba. Akainuka. Muuza mboga alimtazama usoni, kisha akainamisha macho akaendelea kufunga, kama mtu asiyesikia kitu. Sandat aliiacha mboga palepale, akavuka kichochoro, akaingia studio ya Nengah Lasia bila hodi.

Lasia alikuwa amesimama mbele ya kompyuta yake ya mezani, kikombe mkononi, damu imemhama usoni.

“Luh, nakuapia sijagusa kitu,” alisema. “Nimeiwasha tu.”

“Izime,” Sandat alisema. “Izime, halafu iwashe tena.”

Gede alikuwa fundi wa kompyuta. Kwa miaka mingi aliona watu wazima wakilia mbele ya benchi lake, wamekumbatia mashine zilizokata roho na kila kitu ndani: tasnifu ya mtoto, picha za harusi, nyimbo za kikundi cha ngoma za gamelani. Alikuwa akisema diski haifi ghafla. Huugua kwanza, na yenyewe hujijua kuwa inaugua. Kila mara hujipima na kuhesabu madoa yake. Tabu ni kwamba mashine ilitoa onyo hilo kwenye kidirisha kidogo cha Kiingereza, na watu wakakifunga kama wanavyofukuza nzi. Wengine walipoona mashine inasuasua waliweka kikapu cha maua ya sadaka juu yake, wakaenda zao. Gede alikuwa akikiondoa kile kikapu taratibu, kwa mikono miwili. “Miungu imekwisha kupokea,” alisema. “Sasa tusizibe tundu la hewa, mashine nayo ipumue.”

Ndipo akaunda kijiprogramu chake. Kilikaa kimya ndani ya kompyuta ya mteja, kikisikiliza diski. Diski ikianza kuugua, kilimwita mwenye mashine kwa jina lake, kwa sauti ya Gede mwenyewe, kila anapoiwasha. “Mtu hasomi,” Gede alimwambia mkewe, “lakini mwite jina lake mbele za watu uone kama hatageuka.” Maonyo yalikuwa matatu. La kwanza lilitoka madoa yakianza, la pili yakisambaa, la tatu diski ikiwa inakata roho. Aliyarekodi hukohuko kwa mteja, kwenye mashine yenyewe, mlango umefungwa. Alitoka humo akicheka peke yake, na ukimuuliza amesema nini alijibu, “Ombea usisikie.” Sauti ilifungiwa ndani ya programu, na hakuna kilichoweza kuifungua isipokuwa ugonjwa. Diski ikibadilishwa, programu ilihamia kwenye diski mpya, ikaiona ni nzima, ikanyamaza.

Sandat alikuwa amejifunza kazi ya benchi: kufungua, kunakili, kubadilisha. Kuunda programu hakujifunza. Na katika mashine yao wenyewe ya nyumbani Gede hakuweka kitu. Mganga hajigangi. Kwenye simu alikuwa mtu wa kuandika, si wa kusema. Na katika video ya harusi yao kila alipofungua kinywa gamelani zilimfunika. Kwingine sauti yake haikubaki. Jioni moja alikaa kitako ukumbini baada ya kufunga duka, akaegemea nguzo, asiinuke tena. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuonya hakumwonya yeyote.

Basi ile asubuhi ya kwanza, Lasia alipoiwasha mashine mara ya pili na Gede akakaripia tena, neno kwa neno, Sandat alikuwa na diski mpya rafuni kwake. Aliikumbuka vizuri. Alichomwambia Lasia ni hiki:

“Bado inahimili. Nitakuja kesho niitazame.”

Kesho yake akaja, na keshokutwa. Ghafla akawa na shughuli sokoni kila asubuhi: mara maua ya sadaka, mara dengu, mara sabuni ambayo nyumbani ilikuwa imejaa. Alipima mwendo wake ili afike Lasia anapovuta mlango wa bati.

“Kahawa, Luh?”

“Ukiwa nayo.”

“Ninayo. Sukari ndiyo sina.”

“Haidhuru, Bli Nengah.”

Alimwita Bli, kaka, ingawa neno hilo lilimuuma kila lilipotoka, maana ndivyo alivyozoea kumwita mumewe. Kisha Lasia alibonyeza swichi, wakakaa kimya na vikombe vyao, na Gede akasema.

“Konokono!” Lasia alicheka. “Yeye printa yangu alikaa nayo mpaka kuku wakataga ndani. Leo ananiita mimi konokono.”

“Ulimpa printa bila waya.”

“Fundi anashindwaje kupata waya?”

Walibishana hivyo kana kwamba mtuhumiwa yuko chumba cha pili akinawa mikono.

Onyo la pili lilikuja asubuhi ya mvua. Sandat alikuwa hajakaa hata kwenye kigoda.

“Nengah! Nilisema nini? Masikio umepewa mapana kama majani ya mgomba, ya nini? Madoa yamesambaa. Ukipoteza nyuso za watu, wenyewe utawaambia nini? Nenda dukani kwangu sasa hivi. Kama sipo, mwambie Sandat. Anaijua kazi kuliko mimi, ila usimwambie nimesema.”

Lasia alishusha kikombe. Nje mvua ilipiga bati. Sandat alikuwa ameshika ukingo wa meza, na mdomo wake ulikuwa wazi kama wa mtu aliyemwagiwa maji.

“Hakuwahi kuniambia hivyo,” alisema hatimaye.

“Ndiyo maana kasema usiambiwe.”

Tangu hapo hakulala vizuri. Alijua anachopaswa kufanya; mumewe alikuwa amemtaja kwa jina na kumkabidhi kazi. Lakini mahali palipokuwa na neno moja juu yake, huenda palikuwa na la pili. Onyo la tatu halikuwahi kusikiwa na mtu. Wateja wote walikimbilia dukani walipofokewa mara ya pili, tena wengine wakiwa wamevaa kandambili zisizofanana. Mji mzima haukuwa na mashine nyingine inayougua. Maneno ya mwisho ya Gede ambayo hayajasikiwa yalikuwa ndani ya kasha la Nengah Lasia, chini ya meza, yakingoja diski ifikie pabaya. Akiibadilisha, yatalala. Asipoibadilisha, yatakuja, na nyuso za nusu ya mji zitakwenda na diski.

“Inahitaji diski mpya,” alimwambia Lasia. “Lakini Tumpek Landep si iko karibu? Tusubiri ipite.”

Ilikuwa ni siku ya vyuma, ambapo visu, pikipiki, na siku hizi kompyuta pia, hupumzishwa na kutolewa sadaka. Hakuna aliyependa kufungua kasha la mashine siku chache kabla ya kuibariki. Lasia alikubali upesi mno.

“Ni kweli,” alisema. “Tena ni vizuri zaidi. Ibarikiwe kwanza.”

Nyumbani, mama mkwe wake, Meme Kandri, alikuwa ukumbini akisuka vikapu vya makuti kwa ajili ya siku hiyohiyo.

“Umetoka kwa Lasia.”

“Nilipita tu, Meme.”

“Umepita. Kila siku unapita, hufiki.” Vidole vya bibi havikusimama. “Mwanangu tumemchoma. Tumempeleka baharini. Tumemkaribisha tena nyumbani, akae kwenye kihekalu na wazee wake. Kazi yote ile, watu wote wale, ilikuwa ili awe mwepesi. Na wewe kila asubuhi unamfunga kamba mguuni unamvuta.”

“Twende siku moja nawe ukamsikie.”

“Sitaki.”

“Amenitaja, Meme.”

“Nimesema sitaki!” Kuti likachanika mkononi mwake. Akalitupa, akachukua jingine.

Siku ya kuamkia Tumpek Landep, Sandat alimkuta mgeni studio. Alikuwa Dadong Merti, bibi mmoja wa kijiji cha kusini mwa mji, amekaa kwenye kigoda alichozoea Sandat, kitambaa kipya kiunoni kama mtu aliyekuja hekaluni. Mwanawe, Ketut Sudana, alizikwa miaka mingi nyuma, akingoja zamu ya kuchomwa pamoja na maiti wengine wa kijiji. Sasa zamu ilikuwa imefika. Kila familia ilitakiwa kubeba picha ya mtu wake mbele ya jeneza. Picha ya Ketut ya nyumbani ililiwa na mchwa, lakini bibi alikumbuka kwamba kijana alipigwa hapa, alipotaka kitambulisho.

“Ipo, Dadong,” Lasia alisema akitafuta. “Mimi sifuti mtu.”

Mashine ilikuwa imekwisha kuwashwa na kusema yake. Sasa ilifikiri. Kutoka ndani ya kasha ulisikika mlio mdogo, tik, tik, kisha kimya, kisha tik. Picha ikaanza kufunguka kutoka juu. Zikaja nywele zilizochanwa kwa maji. Likaja paji la uso. Yakaja macho mawili, la kushoto dogo kuliko la kulia. Hapo ikasimama. Chini ya macho palikuwa na rangi ya kijivu tupu, kama ukuta.

“Ndiye,” Dadong Merti alisema, akasogea. “Mbona wamemfunika?”

“Anakuja, Dadong. Anachelewa kidogo.”

“Nitangoja. Kungoja nimezoea.” Bibi akaweka mikono mapajani, akatazama yale macho. Baada ya kitambo akasema, si kwa mtu yeyote, “Nilikuwa nimesahau kuwa jicho hili lilikuwa dogo.”

Tik, tik.

Sandat aliusikia ule mlio ukimwingia mwilini. Kila asubuhi aliyokunywa kahawa chungu humu, diski ilikuwa imekula kitu. Leo ilikuwa imekula mdomo wa mtoto wa bibi huyu.

“Zima,” alisema.

“Kesho ndiyo—”

“Zima, Bli Nengah!”

“Luh, si wewe uliyesema tusubiri siku ya vyuma?”

“Siku njema ni ya kuanzia jambo. Hili halianzi, linaisha.”

Lasia akazima. Sandat alikuwa tayari amepiga magoti chini ya meza, bisibisi mkononi, akichomoa nyaya. Lasia akachuchumaa karibu naye, akashusha sauti ili bibi asisikie.

“Huwezi kunakili hapahapa ikiwa inawaka? Maana… lile la tatu bado.”

Sandat akamgeukia. Lasia aliangalia pembeni.

“Unadhani sijui unakujia nini?” alisema. “Kahawa yangu hata mbwa anaikwepa. Nilijua toka siku ya pili. Ningeweza kwenda kununua diski kwa mtu mwingine. Sikwenda. Tangu afe, Luh, hapa mjini hakuna anayenitukana. Kila mtu ananiita mzee, ananipisha njia. Nilitaka anitukane kidogo tena.”

“Ikiwaka hapa, kila programu itaikimbiza,” Sandat alisema polepole. “Hata yeye. Kila anaposema anaichosha. Nikiitoa, nikaiunga kwenye mashine yangu, itasomwa tu, kidogokidogo. Ila huko hana pa kusemea. Itakufa, naye akiwa kimya.”

“Kimya kabisa?”

“Kabisa.”

Lasia alimtazama Dadong Merti, ambaye bado alikuwa akikodolea skrini nyeusi kana kwamba mwanawe amekwenda tu kubadilisha shati.

“Itoe,” alisema.

Aliipeleka nyumbani imefungwa kwenye selendang yake, kitambaa cha kiunoni, akiendesha pikipiki polepole kama aliyebeba mayai. Akaiunga na mashine ya benchini, akaanza kuinakili kipande kwa kipande. Palipogoma aliparuka, akaenda mbele, akarudi. Diski ilipopata joto aliipumzisha, akaipepea kwa kipepeo cha ukili, akaendelea. Mara nyingine alilaza sikio karibu yake. Ilikuwa ikizunguka na kukwaruza tu. Alijikuta akisema, “Bli, vumilia kidogo,” kisha akaona haya.

Kesho yake mji mzima ulipumzisha vyuma vyake. Pikipiki za jirani zilisimama safi barazani na maua shingoni. Mashine ya Sandat peke yake ndiyo iliyokuwa kazini. Meme Kandri aliingia na sinia ya sadaka, akaitazama ile taa ndogo inayopepesa, akatazama uso wa mkwewe ambao haukuwa umeoga wala kulala. Hakuuliza. Alinyunyiza maji matakatifu mbali kidogo na nyaya, akaweka kikapu cha maua ubavuni mwa mashine, akatoka.

Picha nyingi zilitoka. Ketut Sudana alitoka na pua yake, na mdomo uliobanwa kama wa kijana aliyeambiwa asicheke. Mfereji wa kijivu ulimkata begani tu, kwenye shati, na Lasia akauziba kwa ustadi wake. Dadong Merti alipoipokea picha aliifuta kwa kiganja mara nyingi, ingawa haikuwa na vumbi, na hakushukuru mtu. Alikuwa akizungumza naye.

Nyuso nyingine hazikurudi. Palikuwa na harusi moja ya kijiji cha Gelgel iliyobaki miguu tu na zulia. Palikuwa na mzee ambaye jina lake lilikuwapo na sura haikuwapo. Zingetoka zote kama Sandat angeleta diski mpya ile asubuhi ya kwanza. Yeye alijua hivyo, na Lasia alijua, na walipokuwa wakienda pamoja nyumba kwa nyumba kuwaeleza wenyewe, wakiinamisha vichwa mbele ya vikombe vya chai, kila mmoja alisema kosa ni lake.

Diski mpya ilipokwisha kufungwa, Lasia aliiwasha mashine yake mbele ya Sandat. Ikaamka upesi. Wote wawili waliinamisha vichwa upande mmoja, wakangoja.

“Kimya,” Lasia alisema.

“Imeiona ni nzima.”

Lasia akapangusa meza ambayo ilikuwa safi. Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa ile diski ya zamani aliyokuwa amerudishiwa, akaisukuma mbele yake kwa kidole.

“Ichukue. Kwangu haina kazi tena, na ndani yake hakuna usichokuwa umekwisha kukinakili. Fanya unavyotaka. Ila,” akasita, “akinitukana vibaya, usije kuniambia.”

Ilikaa rafuni kwa muda. Sandat alifanya kazi za watu, akapika, akaweka sadaka asubuhi na jioni. Kisha alasiri moja, mvua ilipokatika na vyura wakaanza, aliitoa, akaifunga ndani ya kompyuta isiyo na diski, akaunga spika, akabonyeza swichi.

Ilichukua muda mrefu kuamka. Iligonga, ikatulia, ikagonga tena. Kisha Gede akasema. Haikuwa sauti ya sokoni. Alisema chini, karibu, kama alivyosema chumbani mvua ikinyesha na mama yake amelala ng'ambo ya ukuta.

“Nengah. Sasa sikukaripii. Izime mashine. Usiguse kitu kingine, usitafute, usilie. Hujamuua mtu. Izime tu, halafu niite. Hata nikiwa mbali, nitakuja. Izime.”

Kimya kifupi. Diski ikakwaruza. Kisha akaanza upya, kwa maneno yaleyale, maana alikuwa ameipanga sauti irudie mpaka atiiwe. *Nengah. Sasa sikukaripii.*

Sandat aliweka mkono mdomoni. Kila aliporudia, mkwaruzo uliingia ndani zaidi ya maneno, lilipotea “usitafute,” likapotea “mtu.” Alisikia nyayo nyuma yake lakini hakugeuka. Meme Kandri alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia mwimo kwa mikono yote miwili, uso umelowa.

“Anasema uzime,” bibi alisema.

“Nimesikia, Meme.”

“Anataabika.”

“Najua.”

Sandat akapeleka kidole kwenye swichi. Meme Kandri akavuka kizingiti, akaja akamshika kifundo cha mkono.

“Mwache aseme mara moja tu,” alisema. “Mara moja, kisha tumtii.”

Wakainama wote wawili juu ya kasha. Akasema, na sehemu kubwa ilikuwa mkwaruzo, lakini “nitakuja” lilisikika lote. Sandat akazima.